Siku moja Rungwe na mwenyeji wetu

Wakazi wa Soweto, mjini Mbeya, ni watu wa safari. Kabla jua halijachomoza wako wanaokwenda Tunduma kutafuta bidhaa, wako wanaoteremka Kyela kufuata mchele, na wako wanaopakia viazi vya Uporoto kwa ajili ya walaji wa Dar es Salaam. Lakini mtu akituuliza ni lini tulisafiri kwa ajili ya kutazama tu, bila gunia, bila msiba na bila harusi, wengi wetu tutakohoa kwanza. Mimi nilikohoa nilipoulizwa swali hilo na jirani yangu, fundi mitambo mstaafu, jioni moja tulipokuwa tumeketi barazani kwake.

Jirani huyu alisoma Bulgaria katika miaka ya 1980, wakati vijana wetu wengi walipokuwa wakipelekwa katika nchi za Ulaya ya Mashariki kujifunza ufundi, udaktari na kilimo. Siku moja ya mapumziko, mwenyeji mmoja wa mji wa Sofia aliwachukua yeye na wenzake wawili katika gari dogo, akawapeleka kwenye makao ya watawa ya Rila, kiasi cha kilometa 120 kusini mwa mji huo, ndani kabisa ya milima. Makao hayo yalianzishwa katika karne ya 10 na wafuasi wa mtawa mmoja aliyeitwa Ivan, akateketea kwa moto mwaka 1833 sehemu kubwa ya majengo yake, na kujengwa upya kwa michango ya wananchi wa Bulgaria nzima, nchi ikiwa bado chini ya utawala wa Waturuki.

“Kuta zake zimejaa picha za rangi, na kuna dhahabu,” jirani yangu alisema, “lakini vyote hivyo nimeanza kuvisahau. Nisichokisahau ni msalaba mmoja wa mti. Aliuchonga mtawa aitwaye Rafail. Alichonga sura za watu zaidi ya 600 katika kipande kimoja cha mti, sura nyingine ndogo kama punje ya mchele. Kazi ilimchukua miaka 12. Alipomaliza, mwaka 1802, macho yake yalikuwa yamekufa. Sasa fikiri, ndugu yangu: kama mwenyeji wetu asingetuambia jina la Rafail, ningeona nini mimi? Ningeona msalaba.”

Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza maneno ambayo ndiyo yaliyozaa safari yetu: “Nimeonyeshwa Rila, huko mwisho wa dunia. Misheni ya Rungwe iko saa mbili kutoka mlangoni pangu. Nimepita barabara ile mara mia, na sijaingia hata siku moja.”

Wazo hilo halikuchukua muda mrefu kuiva. Aliyeliunga mkono kwanza ni mama mmoja wa mtaani kwetu, muuguzi mstaafu, ambaye alizaliwa karibu na misheni hiyo na kubatizwa hapo. Alisema atakwenda hata kwa miguu, kwani bibi yake mzaa mama amezikwa Rungwe, naye hajaliona kaburi hilo tangu alipokuwa msichana. Aliyefuata ni ndugu mmoja wa Kikinga mwenye duka la vyombo karibu na soko la Soweto. Huyu alisema hana haja na makanisa ya Wanyakyusa, ila anakuja ili kuhakikisha kwamba hatudanganywi. Tunamfahamu, bila utani hawezi kunywa hata chai.

Tukawa watu wazima sita na watoto watano. Tulikodi basi dogo la mtu binafsi, tukapatana bei ya siku nzima kabla ya safari, na kila nyumba ikatoa fungu lake. Nawashauri wasomaji watakaotaka kutuiga wasilisahau jambo hili la kupatana mapema, na wala wasiliache la pili, ambalo ni kubwa zaidi: kumtafuta mwenyeji. Mama muuguzi alipiga simu kwa jamaa zake, nao wakaenda kumwona mchungaji, naye mchungaji akatuelekeza kwa mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi, mzee aliyekwisha kuvuka miaka 80. Mzee hakutaja malipo. Alituma neno moja tu kwamba tusije Jumapili wakati wa ibada kana kwamba watu ni maonyesho, na kwamba tuwavike watoto masweta.

Neno la masweta lilikuwa la kweli. Tuliondoka Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukapita Uyole, mahali ambapo barabara kuu iendayo Iringa na Dar es Salaam huachana na ile iendayo Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Kuanzia hapo gari hupanda Uporoto, na ukungu hushuka mpaka dereva huwasha taa mchana. Isyonje tulikuta viazi vimepangwa kando ya barabara katika ndoo, na akina mama wauzaji wamejifunika mablanketi. Watoto wetu, waliozaliwa mjini, walishangaa kuona moshi unatoka vinywani mwao. Kisha barabara ikaanza kuteremka, migomba ikachukua nafasi ya viazi, na Mlima Rungwe ukajitokeza upande wa kushoto, mkubwa na wa kijani, ukikaribia meta 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kabla ya kufika Tukuyu tuliiacha lami.

Mzee alikuwa akitungoja kando ya njia, na mwavuli wake mkononi. Mama muuguzi alishuka wa kwanza, akapiga magoti kidogo na kumsalimu kwa Kinyakyusa, nasi wengine tukafuata kwa shikamoo zetu za Kiswahili. Mzee akauliza kila mtu kwao ni wapi. Yule ndugu wa Kikinga alipojibu, mzee alicheka, akasema, “Basi wewe leo utakaa mbele. Baadaye utajua kwa nini.”

Wageni wa mwaka 1891

Hakuanza na kanisa. Alituweka chini ya mti, watoto mbele, akaanza kusimulia habari kutoka mbali sana, mpaka nikadhani amepotea njia. Alisema kanisa la Moravian halikuzaliwa Ujerumani kama wengi wanavyodhani, bali katika nchi ya Bohemia na Moravia, ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Mhubiri Jan Hus alichomwa moto huko Konstanz mwaka 1415 kwa sababu ya mafundisho yake, na mwaka 1457 baadhi ya waliofuata fikra zake walianzisha umoja wao wa ndugu. Waliteswa, wakatawanyika, na kizazi chao kikaja kupata hifadhi mwaka 1722 katika shamba la bwana mmoja wa Saksonia, Zinzendorf, mahali palipoitwa Herrnhut. Miaka kumi baadaye, mwaka 1732, walikwisha kuwatuma wamisionari wao wa kwanza katika kisiwa cha Saint Thomas, kwa watumwa weusi wa mashamba ya miwa.

“Kwa hiyo,” mzee alisema, “waliokuja hapa walitumwa na watu waliojua maana ya kufukuzwa. Lakini walikuja pia wakati mmoja na bendera ya Mjerumani. Mambo hayo mawili lazima myashike pamoja. Mkishika moja tu, mtakuwa mnajidanganya.”

Mwaka 1891 wamisionari wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, walishika njia ya Mto Zambezi, wakapanda Mto Shire, wakavuka Ziwa Nyasa kuelekea kaskazini. Watatu ndio waliofika Rungwe na kuanza kazi. Georg Martin alikufa njiani kwa homa. Mwaka huo huo wenzao wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, waliingia kutoka ziwa lile lile, nao wakajenga upande mwingine wa nchi hii iliyoitwa Konde wakati huo. Ndiyo maana hata leo katika Rungwe utamkuta Mmoravian na Mlutheri ni majirani, na mara nyingine ni mtu na shemeji yake.

Ndipo tulipoingia kanisani. Sitaeleza sana jengo, kwa kuwa msomaji anaweza kwenda kulitazama mwenyewe, na kwa kuwa mzee hakutuachia nafasi ya kushangaa mapambo. Alimchukua mtoto mdogo kuliko wote, akaweka kiganja chake ukutani, akamwuliza: “Nani amejenga?” Mtoto akajibu kwa sauti ya shuleni: “Wazungu!” Watu wazima tukacheka. Mzee hakucheka.

“Babu yangu alibeba mzigo wa ujenzi wa misheni kwa kichwa,” alisema. “Mawe, mbao, matofali. Nyundo aliijulia hapa hapa. Katika vitabu vya misheni utasoma nani alisimamia ujenzi, mwaka gani, na aliumwa homa mara ngapi. Babu yangu naye aliumwa. Nilimwona, nikiwa mtoto, hawezi kuinua shingo vizuri.” Jirani yangu fundi akanitazama. Nilijua anamfikiria Rafail.

Jambo lililonigusa zaidi katika masimulizi ya mzee halikuwa la mwanzo wa misheni bali la miaka ambayo misheni ilibaki bila wenyewe, ikiwa neno hilo ni sahihi. Mwezi Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini, yakauteka mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Wamisionari wa Kijerumani walichukuliwa wakawekwa kizuizini. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia walikuja baadaye kushika nafasi, na Wajerumani wenyewe waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Katika pengo hilo lote nani alifundisha? Nani alizika, nani alifungua shule, nani alisuluhisha ugomvi wa ndoa? Ni walimu wenyeji, wazee wa kanisa, na akina mama waliokwisha kujua kusoma. Vita ya pili ilipozuka mwaka 1939 mambo yakajirudia. Wajerumani wakakamatwa tena, na kanisa likabaki tena mikononi mwa wenyeji. Leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Anayetaka kujua sababu asitafute katika mwaka 1891 peke yake.

Kaburi lisilo na jina

Saa tano hivi tulikwenda makaburini. Wamoravian wana desturi ya kukusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijatoka, na kulipokea kwa nyimbo na tarumbeta. Desturi hiyo ilianza Herrnhut mwaka 1732, na huku kwetu imeota mizizi kiasi kwamba wako watu wa Soweto wanaosafiri usiku kucha ili wasiikose. Lakini siku hiyo hapakuwa na tarumbeta. Kulikuwa na manyunyu tu na harufu ya majani mabichi.

Makaburi ya wamisionari yanasomeka. Majina ni ya Kijerumani, na miaka mingine iko karibu karibu mno, kwa sababu ni miaka ya watoto wachanga. Mke wangu alisimama kwenye kaburi moja la namna hiyo muda mrefu. Mtu aliyevuka bahari kuja kutawala au kuhubiri, mwanawe akifa humlia kama sisi, na sioni haya kusema kwamba tulimsikitikia.

Kisha Mama muuguzi akauliza kwa sauti ndogo: “Na bibi yangu, Mwalimu?”

Mzee akamwuliza jina la bibi, akalirudia mara mbili, kisha akasema, “Ah, yule!” Akatuongoza mbali na mawe yenye maandishi, kwenye upande wenye vichuguu vya udongo vilivyokwisha kulala, akafika kwenye kisiki cha mkaratusi. Aliweka mgongo wake kwenye kisiki, akaelekeza uso mlimani, akahesabu hatua. Alipokosea hesabu alirudi, akaanza upya. Watoto wakaanza kuhesabu pamoja naye. Hatua ya kumi na moja alisimama, akachoma ncha ya mwavuli katika nyasi.

“Una hakika, Baba?” Mama aliuliza.

“Mwaka 1968 jembe nililishika mimi,” mzee alijibu. “Mvua ilikuwa kama hii. Udongo ulikuwa unarudi ndani kila tulipoutoa.”

Hapo ndipo alipomwambia jambo ambalo yeye, mjukuu, hakuwa analijua. Bibi huyo alikuwa msichana mkubwa wa shule mwaka ule wa 1916 wamisionari walipochukuliwa. Alikuwa na kitabu kimoja. Kila jioni wasichana wenzake walikuja katika uwanja wa baba yake, naye akawasomea na kuwafundisha herufi kwa kuandika katika majivu, kwa kuwa hapakuwa na vibao. Mama yake mzee mwenyewe alikuwa mmoja wa wasichana hao. “Kwa hiyo mimi mwalimu,” alisema mzee, “nilifundishwa kusoma na mama yangu, naye alifundishwa na huyu hapa. Nilikuwa namwita Bibi Majivu, kwa siri. Akinisikia alinifukuza.”

Mama muuguzi alikuwa akimkumbuka kama kikongwe mkali aliyependa maziwa ya mgando. Hakuna aliyewahi kumweleza zaidi. Mama yake mzazi alihamia mjini na mumewe aliyepata kazi ya barabara, na masimulizi yakabaki kijijini kama vyombo visivyotoshea kwenye gari. Alikaa chini katika nyasi zilizolowa, akamwambia mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa darasa la sita, atoe daftari aandike: jina la bibi, jina la baba yake, mwaka wa mazishi, kisiki, hatua kumi na moja, uso mlimani. Mtoto akauliza kama aandike na majivu. “Hayo uyaandike kwanza,” bibi yake akasema.

Wakati hayo yakiendelea sikumwona ndugu yetu wa Kikinga. Alirudi baada ya muda, suruali imelowa hadi magotini, amebeba begani jiwe kubwa la kijito. Aliliweka mahali pale mzee alipochoma mwavuli, akalitikisa kuhakikisha limekaa, akafuta mikono. Hakusema utani wowote.

Jina la Mungu

Chakula cha mchana tulikula nyumbani kwa mzee: ndizi za kupika, maharage, maziwa, na parachichi ambazo hapo huliwa na watu kama sisi tunavyokula mkate. Tulikuwa tumempelekea mkewe sukari, chumvi na kitenge. Mvua ilianza kwa nguvu. Wilaya hii ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na mtu asiyependa kulowa afanye safari yake kati ya Julai na Oktoba.

Hapo mezani ndipo palipotokea mvutano. Mzee alikuwa amesema kwamba safari ya mahali patakatifu pa Rungwe haikamiliki bila Lubaga. Lubaga liko katika nchi ya Selya, na ni msitu mdogo wa matambiko, ambako hapo zamani aliishi mtu aliyeitwa Lwembe. Mama muuguzi aliweka kikombe chini. Alisema kwa heshima zote kwamba tumekuja kuona makanisa, si mizimu, na kwamba watoto wasiingizwe katika mambo ya giza.

Mzee hakubishana naye. Alimwuliza tu: “Mama, unapoomba kwa Kinyakyusa, unamwitaje Mungu?”

“Kyala,” alijibu.

“Hilo jina, wamisionari walikuja nalo kutoka Ujerumani?”

Kimya kikapita. Ndipo mzee akaeleza, na maelezo yake yanakubaliana na yale ya mtaalamu Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alikaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938 na kuandika vitabu vinavyosomwa hadi leo, kimojawapo kikiwa juu ya ibada zao za pamoja, kilichotoka mwaka 1959. Kyala katika masimulizi ya kale alikuwa shujaa, mmoja wa mashujaa wachache walioheshimiwa kwa matambiko, na karibu na Ziwa Nyasa liko pango lake linaloitwa Palikyala, maana yake mahali alipo Kyala. Wamisionari, walipotafuta neno la kumtaja Mwenyezi Mungu katika lugha ya wenyeji, walichukua jina hilo. Kwa hiyo jina linalotajwa kanisani kila Jumapili lilikwisha kutajwa pangoni kabla yake.

Habari za Lwembe ni nzito zaidi, na mzee alizisimulia bila kuzipamba. Lwembe alikuwa mtu ambaye ndani ya mwili wake watu waliamini imo mvua, chakula na uzazi wa nchi nzima. Kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kufa kwa maradhi kama watu wengine. Alipozidiwa, wakuu wa matambiko walimnyofoa nywele na kucha ili rutuba ibaki katika nchi, kisha wakamziba pumzi. Haishangazi kwamba cheo hicho hakikugombewa. Watu waliostahili kuchaguliwa walikimbia, ikabidi wakamatwe kwa hila na kuwekwa kwa nguvu. “Siku hizi watu hutoa fedha wapate vyeo,” mzee alisema, na hilo ndilo neno pekee la siku zetu alilolitamka siku nzima.

Kisha akamgeukia ndugu wa Kikinga. Machifu wa Wanyakyusa, alisema, kwa masimulizi yao wenyewe walitoka ng'ambo, katika milima ya Ukinga. Walipofika waliwakuta wenyeji wakila vyakula vibichi. Machifu hao ndio walioleta ng'ombe, chuma na moto. Na kwa miaka mingi makuhani wa Ukinga waliteremka milima hadi Lubaga wakiwa na majembe ya chuma kwa ajili ya tambiko la mababu walioshirikiana.

Naomba msomaji apige picha ya hali ilivyokuwa mezani. Ndugu yetu alisimama. Aliangalia sahani za ndizi, akaangalia jiko, akamwangalia kila Mnyakyusa mmoja mmoja. “Kwa hiyo,” alisema, “hata kupika tuliwafundisha sisi!” Nyumba ikalipuka kwa kicheko, na Mama muuguzi, ambaye dakika chache kabla alikuwa amekunja uso, ndiye aliyecheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Baada ya hapo aliuliza mwenyewe Lubaga ni umbali gani.

Ilikuwa mbali kwa siku iliyobaki, na mvua ilikuwa imeharibu njia. Mzee alitupeleka mahali pa juu, akanyosha mwavuli kuelekea Selya, ng'ambo ya makorongo na mashamba ya chai, akasema ni huko. Tuliona mawingu. Alisema pia kwamba hata tungalifika, yeye angalituongoza hadi ukingoni tu, kwa sababu mahali pale pana watu wake wanaohusika, na mgeni haingii msitu wa mtu kama anavyoingia sokoni. Jirani yangu fundi aliridhika na jibu hilo. Alisema hata kule Rila kulikuwa na mlango ambao mwenyeji wao aliwaonyesha tu akasema, hapo wageni hawapiti.

Tulimshukuru mzee kwa bahasha, akaipokea kwa mikono miwili bila kuifungua, na Mama akamwambia, “Ndaga fijo, Baba.” Dereva alikuwa na haraka, kwani ukungu wa Uporoto jioni si wa kuchezewa. Watoto walilala kabla ya Isyonje, isipokuwa yule wa darasa la sita, ambaye alitaka bibi yake amtajie na majina mengine: mama wa Bibi Majivu aliitwa nani, na mama wa huyo je? Bibi yake alifika majina mawili, kisha akasema la tatu litabidi aulizwe mzee.

Tulifika Soweto saa mbili usiku, na viazi ndoo mbili. Wiki hiyo hiyo mjukuu yule alilipeleka daftari lake shuleni, na Mama amekwisha kupatana na fundi wa kuchonga maandishi ili jina liwekwe juu ya jiwe la kijito kabla ya Pasaka. Ndugu wa Kikinga naye ameanza kuzunguka mtaani akikusanya michango ya safari nyingine, ya Bulongwa, kwao Ukinga, ambako Misheni ya Berlin ilijenga mwaka 1895. Njia itakuwa ya Isyonje na Kitulo, na huenda ikabidi kulala. Mama muuguzi amelipa fungu lake wa kwanza. Ameuliza jambo moja tu: kama huko nako amekwisha kupatikana mzee anayeyajua makaburi.